Madam wa Taipu Juu ya Bucha

Madam hakuipenda kabisa ile methali ya haraka haraka haina baraka. Ukiitamka darasani mwake, ulipewa ukurasa mzima wa kuchapa upya. "Aliyesema hivyo hakuwahi kuajiriwa," alituambia. "Bosi anataka barua yake kabla chai haijapoa. Baraka ataitafuta mwenyewe Jumapili, kanisani."

Tulimwita Madam, basi. Wazazi walimwita Madam wa Taipu ili wasimchanganye na madam wa shule ya msingi wala madam wa kwaya, maana Eastlands yetu, mitaa ya mashariki ya jiji, miaka ya tisini ilikuwa imejaa mamadam. Jina lake ninalijua, lakini hakuna aliyelitumia, na nikiliandika hapa nitaona kama namzungumzia mtu mwingine. Alikozaliwa pia sikujui sawasawa. Alikuwa Mkamba, hilo tulilijua kwa sababu akikasirika alihesabu kwa Kikamba, polepole, mpaka kumi, ndipo anarudi kwa Kiswahili akiwa ametulia kama maji mtungini.

Mimi hutengeneza tovuti. Nimeifanya kazi hii tangu siku ambazo watu waliniuliza tovuti ni mnyama gani, hadi leo ambapo huwezi kuomba hata cheti cha kuzaliwa bila kupitia ukurasa uliotengenezwa na mtu kama mimi. Vijana ofisini huniuliza nilisomea chuo kikuu gani. Nikiwaambia nilisomea juu ya bucha, wanacheka, wanadhani ni mzaha wa watu wazima. Wiki iliyopita bosi wangu, kijana mwenye adabu sana, aliniita akanieleza kwamba siku hizi kompyuta zinajiandikia programu zenyewe, kwa hiyo amenifikiria cheo kipya: mshauri mwandamizi. Nikamuuliza nitamshauri nani. Akatabasamu. Nimefanya kazi za watu miaka mingi, nalijua tabasamu lile. Natakiwa kumjibu Jumatatu kama nakubali kuwekwa kando kwa heshima ama nakataa, na tangu siku hiyo simuwazi mtu mwingine ila Madam, kwa sababu yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwona kazi ikimfia mikononi.

Chuo chake kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya bucha, karibu kabisa na Soko la Burma. Kwa asiyejua, Burma ni nyama. Asubuhi ng'ombe mzima ananing'inia, mchana anachomwa, jioni hakuna hata mkia. Moshi ulipanda ngazi na kuingia darasani kama mwanafunzi aliyelipa karo. Sisi huko juu tulikuwa tunachapa barua za kuuliza bei ya saruji, matumbo yananguruma, na Madam anapita kati ya meza na rula yake akisema, "Macho kwenye karatasi! Mbavu hazitawaajiri." Tuliotoka nyumbani na chai ya rangi peke yake tuliteseka jamani. Hata karatasi zetu zilinuka. Dada mmoja wa darasa letu alipeleka barua ya kuomba kazi kiwandani, na karani wa pale akaivuta puani akamuuliza kama ametumwa na hoteli.

Kila taipureta ilikuwa na aproni yake. Kitambaa cheusi, unakifunga shingoni, ncha ya pili inafungwa kwenye mashine, mikono yako inaingia chini na huoni herufi hata moja. Mgeni angeingia angedhani tumekuja kunyolewa. Siku ya kwanza nilichapa jina langu likatoka kama lugha ya Kichina. Madam alisimama nyuma yangu, akaangalia, akasema, "Wewe mrefu, acha kufikiri. Kichwa kinasahau. Kidole hakisahau." Tangu siku hiyo nikawa Mrefu, na mpaka leo yeye peke yake ndiye anayeniita hivyo.

Kifutio hakikuruhusiwa. Wala ule wino mweupe wa kuficha makosa. Ukikosea herufi moja kwenye mstari wa mwisho, unatoa karatasi, unaweka nyingine, unaanza mwanzo. Nilishaona msichana mzima akilia kwa sababu ya koma. Madam hakumbembeleza. Alimpa leso, akampa na karatasi.

Sasa mtu kama huyo ungetarajia awe jiwe hata kwa mambo mengine. Hapana. Mwenzetu mmoja alipata mimba katikati ya kozi, baba yake akamfukuza nyumbani, na sisi tukadhani ndio mwisho wa masomo yake pia. Madam alienda kumtoa kwa shangazi yake, akamrudisha darasani, na mtoto alipozaliwa akawa analazwa kwenye katoni ya karatasi chini ya meza ya mwalimu. Mtoto yule alizoea kelele. Taipureta zikinyamaza ndipo anaamka na kulia, kwa hiyo hata wakati wa mapumziko mmoja wetu alibaki akipiga mashine bure. Mimi nilikuwa na mdomo. Nikamuuliza Madam mbona koma haisamehewi na hili limesamehewa.

"Karatasi ni ya bosi," akasema. "Mtoto ni wetu."

Na Kiingereza chake! Barua zake zilitoka zimenyooka kiasi kwamba mawakili wa mjini walimletea kazi mpaka Burma. Darasani hakutaka kusikia Sheng, si neno moja. Lakini alikuwa ameishi Pumwani zamani, kule Majengo, na ile lugha ya mtaani alikuwa nayo chini ya ulimi. Vijana walizoea kukaa kwenye ngazi zetu wakitungoja tushuke, watuite warembo kwa Sheng. "Mambo, masupuu!" Siku moja Madam alishuka mbele yetu na mkoba wake, akasimama kwa yule aliyekuwa na mdomo kuliko wenzake.

"Niaje," akamwambia. "Mathenu anajua uko hapa, ama nimshow?"

Yule kijana, kusikia mama yake ataambiwa, aliruka wima kama ameketi kwenye siafu. Wenzake wakamcheka mpaka wakashikana. Lakini Madam hakucheka, alimwambia kama hana kazi apande ajifunze taipu. Na kweli akapanda, wiki iliyofuata, mvulana peke yake kati ya wasichana, na aproni yake shingoni. Alikuwa mwepesi ajabu. Alikaa muhula mmoja akaondoka, akaenda kusomea kompyuta. Tulimsahau, ila yeye hakutusahau.

Lakini jambo lililokifanya chuo kile kiwe chuo lilikuwa soda. Msichana akipata kazi, alirudi na kreti ya soda. Haikuwa sheria, ilikuwa desturi tu, imeanza kabla yetu. Tulimsikia kwa chupa zikigongana ngazini. Madam alipiga makofi mara moja, mashine zote zikanyamaza, mtoto akaamka, tukanywa. Mwenye kreti alisimama mbele akasema ameajiriwa wapi, na Madam alimuuliza swali moja tu: "Kiti chako kina mgongo?" Maana yeye aliwahi kuchapa miaka mingi kwenye stuli na mgongo wake ulimkumbusha kila mvua ikinyesha. Tulikunywa soda mara nyingi mwaka ule nilipoingia. Nilikuwa nimetoka Kidato cha Nne, baba yangu alikuwa kiwandani Industrial Area, mama aliuza nguo Burma kando ya nyama, na wote wawili waliamini kwamba mtoto aliyejua taipu halali njaa.

Halafu soda zikapungua. Hatukuona mara moja. Mtu hahesabu kitu ambacho hakijaja. Wasichana waliomaliza walizunguka mjini, walirudi na viatu vimelika, wakasema kila ofisi wanaulizwa kama wanajua kompyuta. Bosi mmoja alimwambia mwenzetu kwamba barua zake siku hizi anajichapia mwenyewe. Anajichapia mwenyewe! Tulilichukua kama jambo la aibu, kama mzee kujifulia chupi hadharani.

Madam aliliona kabla yetu. Nilikuja kujua hivyo baadaye, nikikumbuka jinsi alivyokuwa akisimama dirishani akiangalia chini, na sisi tukidhani anaangalia nyama. Alikuwa mjane, alikuwa na mwana mmoja sekondari, na kile chuo ndicho kilichowalisha. Kama angenyamaza, angeendelea kupata wanafunzi labda miaka mitatu, minne. Wazazi wa Eastlands walikuwa bado wanaiamini taipu kuliko wanavyoamini benki. Nani angemlaumu?

Jumatatu moja aliingia, hakusema "aproni" kama kila asubuhi, akasimama tu.

"Tangu Pasaka hatujakunywa soda humu ndani," akasema. "Mmeona?"

Tukasema tumeona.

"Kazi ninayowafundisha inakufa. Si ninyi mnaokosea. Ninyi mnachapa vizuri kuliko darasa lolote nililowahi kuwa nalo, na hamtaajiriwa. Nimefikiria sana nikaona heri mkasirike sasa kuliko mwakani."

Hakuna mashine iliyopigwa. Yule mtoto akaanza kulia kwenye katoni.

Aiyaiyai, siku hiyo nyumbani kwetu! Mama alivua aproni ya sokoni, akafunga leso, akaniburuta mpaka Burma, akapanda zile ngazi mbilimbili.

"Madam, tumelipa muhula mzima. Leo unatuambia kazi imekufa? Imekufa lini na hatukuitwa mazishini?"

"Mama, keti," Madam akasema.

"Sikai!"

"Basi simama. Ningenyamaza ungekuja kuniuliza mwakani, na karo ningekuwa nimekula. Ya muhula huu nitakurudishia. Huyu msichana wako ana vidole. Kesho mimi mwenyewe nakwenda kujifunza kompyuta. Umwache twende naye."

Mama alimwangalia. Kwetu mkoa wa Magharibi mtu mzima akikubali mbele yako kwamba amekwama, huwezi kumpiga tena. Mama aliketi, hatimaye, na mwisho wake waliishia kuongea habari za bei ya kabeji. Wazazi wengine hawakuwa hivyo. Darasa liliisha kama sukari kwenye mvua. Wengine walimtukana mpaka pale chini kwa wachoma nyama, wakasema ni mchawi wa elimu. Aliwarudishia kila aliyedai, akauza mashine moja moja, na kila ikibebwa kushuka ngazi aliifuata kwa macho mpaka mlangoni.

Tulioenda naye kwenye kompyuta tulikuwa watatu, na kati yetu mimi ndiye niliyedumu. Chuo kile kilikuwa ng'ambo ya Jogoo Road. Na mwalimu wake alikuwa nani? Yule kijana wa ngazini. Sasa alikuwa na tai, na pipi ya kutafuna mdomoni, na alipomwona Madam mlangoni alikaribia kuimeza. "Madam! Karibu, lakini... wewe unataka kuona kozi za nani?"

"Zangu," akasema Madam.

Siku zile chumba cha kompyuta kilikuwa kama msikiti, unavua viatu mlangoni. Vumbi lingeua mashine, tuliambiwa. Basi umaskini wetu wote ulikuwa kwenye soksi. Kuna waliokunja vidole mguu mzima ili tundu lisionekane. Madam alikuja siku ya pili na soksi safi ndani ya mkoba, jozi kadhaa, akawagawia watoto wa watu kimyakimya kabla hawajafika mlangoni. Yule kijana akiingia, Madam alisimama. Mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, anasimama kwa mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe kufunga aproni! "Shikamoo" hakumpa, hilo lingekuwa kupita kiasi, lakini alimwita Mwalimu na hakuwahi kumkata neno. Kijana alituomba tumwambie aache. Nani angemwambia?

Na alikuwa mwanafunzi mbaya, lazima niseme ukweli. Vidole vyake kwenye kibodi vilikuwa mvua juu ya bati, darasa zima liligeuka kusikiliza. Lakini kipanya kilimshinda. Siku ya kwanza aliambiwa akisogeze kulia, akasogeza, akasogeza, mpaka akafika ukingoni. Akainua mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu, meza imeisha. Nifanye nini?"

Darasa lilianguka kicheko. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba unaweza kukiinua na kukirudisha nyuma. Nilicheka pia, halafu nikaona sikio lake limebadilika rangi, na midomo inasogea. Alikuwa anahesabu kwa Kikamba. Alipofika kumi alisema, "Haya, nionyesheni," na akaonyeshwa na msichana wa umri wa kuwa mjukuu wake.

Kilichomwokoa, na kuniokoa mimi, ni yale makaratasi ya fotokopi ambayo Mwalimu alitupa kuelekea mwisho, ya jinsi ya kutengeneza ukurasa wa intaneti. Hapo hapakuhitajika kipanya. Unaandika alama ya kufungua, unaandika maneno yako, unaandika alama ya kufunga, ukisahau kufunga kila kitu kinavurugika. Wenzetu waliona ni uchawi. Madam alisoma mistari michache akapiga meza.

"Hii ni stensili!"

Alinieleza akiwa amesisimka kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya mabasi. Zamani, kabla ya fotokopi, ulikuwa unachapa kwenye karatasi ya nta, huoni kitu cha maana, makovu tu. Halafu unaifunga kwenye mashine ya kuzungushia, na kule upande wa pili zinatoka kurasa mia safi. Kwa hiyo mtu wa stensili alizoea kuchapa asichokiona na kukiamini. "Unaandika mabaya, yanatoka mazuri," akasema. Wiki ile alinipita. Alikuwa anatengeneza majedwali wakati mimi bado natafuta jinsi ya kukoleza herufi. Tukikaa kompyuta moja, yeye anachapa, mimi nashika kipanya. Nadhani sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile tena, na nimeshafanya kazi na watu wanaolipwa vizuri mno.

Ukurasa wetu wa kwanza tulimtengenezea yule mwenye bucha wa chini. Tuliandika aina za nyama, saa za kufungua, tukaweka na rangi nyekundu. Tulimleta aone. Alivua gambuti mlangoni, akasimama miguu mitupu akisoma jina lake kwenye skrini.

"Na huyu anayeona hii ni nani?"

"Ulimwengu mzima," Madam akasema kwa fahari.

"Ulimwengu mzima." Alifikiria. "Na huo ulimwengu mzima utafika Burma saa ngapi? Kwa sababu nyama huisha saa kumi."

Tulicheka njia nzima. Lakini nimekaa kwenye mikutano mingi ya huduma za mtandaoni tangu wakati huo, yenye picha za ukutani na maji ya chupa, na bado nangoja mtu aulize swali zuri kama lile.

Basi Madam ndiye aliyeliona tangazo gazetini. Kampuni ndogo mjini, inatafuta mtu wa kuchapa na kutengeneza kurasa za intaneti. Alinikalisha, tukaandika barua yangu ya maombi, nikairudia kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi. Majibu yalikuja kwa sanduku la posta la chuo, maana kwetu hatukuwa nalo. Akaniletea mwenyewe mpaka sokoni kwa mama. "Umeitwa Alhamisi," akasema. "Tutakwenda pamoja."

Tulikwenda kwa miguu, kupitia Pumwani, kama watu wote wa pale walivyokuwa wakienda mjini. Alikuwa amevaa suti yake ya bluu, ile ya mahafali, na nywele amezitengeneza. Njia nzima alinihoji. Wewe ni nani? Unajua nini? Mbona tukuchukue wewe? Nikijibu kwa sauti ndogo alisimama katikati ya watu mpaka nirudie. Pale mapokezi kulikuwa na msichana mwenye rangi ya midomo inayong'aa. Alinitazama, akamtazama Madam, akasema kwa adabu, "Mama, unaweza kumsubiri binti yako pale." Kulikuwa na kiti karibu na dirisha. Nilitaka kucheka, maana mimi ni mrefu na mweusi tii na Madam ni mfupi wa maji ya kunde, tumefanana wapi? Madam akaenda akaketi. Mimi nikaingia.

Nilipata ile kazi palepale. Nilitoka nikamkumbatia mbele ya watu, akanipigapiga mgongoni, akaniuliza, "Kiti chako kina mgongo?" Nikamwambia kinazunguka hata. Jumamosi nilimpelekea kreti ya soda nyumbani, kwa sababu chuoni hapakuwa na mtu tena wa kunywa. Alinifungulia ya kwangu, akafungua na yake, akaiweka mezani. Tuliongea mpaka jioni. Sikumwona akiigusa.

Chuo alikifunga mwisho wa mwaka. Alibaki na mashine moja nyumbani, akichapia wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao mpaka nao wakanunua kompyuta. Baadaye alifundisha watoto wa Sunday school, akashona sweta, akalea wajukuu. Mimi nikapanda. Na kila mahali nilipoitwa kuzungumza na wasichana wanaotaka kuingia kazi za teknolojia, nilianza na Alhamisi ile: mwalimu wangu mzee alivaa suti yake nzuri akanisindikiza kwa miguu kutoka Burma mpaka mjini, akaketi kwenye kiti akinisubiri. Wasichana wanapenda hapo. Kuna ambao hufuta machozi.

Jana nilikwenda kumwona. Siku hizi anaishi Komarock kwa mwanawe, nyumba ya pembeni yenye bati jekundu. Amepungua. Vidole vimepinda, kikombe anakishika kwa mikono miwili. Lakini akili ni ileile. Aliniuliza habari za kazi, nami nikamwaga yote: bosi kijana, kompyuta zinazojiandikia, cheo cha mshauri, Jumatatu. Nikamwambia nahisi ni zamu yangu. Nikamwambia nimechoka, pengine nikubali tu, yeye aliwezaje? Kisha, kwa sababu nilitaka kumfurahisha, nikamwambia kwamba bado nawasimulia wasichana jinsi alivyonisindikiza.

Aliweka kikombe chini.

"Nani alikusindikiza?"

"Si ni wewe, Madam? Siku ile ya mahojiano."

"Mimi sikukusindikiza, Mrefu. Mimi pia nilikuwa nimeitwa."

Mkamwana wake alikuwa anapanga sahani jikoni, akaacha. Nilimgeukia Madam.

"Niliandika barua yangu siku moja na yako," akasema. "Majibu yakaja pamoja. Wewe wa kwanza, mimi baada yako. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uingie bila kunifikiria. Niliitaka ile kazi. Usinifanye malaika, niliitaka sana. Nilikuwa na mtoto shule na mashine nimeuza. Nilijua zile kurasa kukupita."

"Ulinipita mbali," nikasema.

"Halafu yule msichana akasema, Mama, msubiri binti yako pale. Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaona kiti. Nikajiona vile alivyoniona yeye. Nikaketi."

"Madam, ungesema! Hata kwangu ungesema!"

"Ulitoka unaruka kama mbuzi, ningesema nini?" Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza, akangoja kipite. "Mimi si kwamba nalilia kazi. Kazi zimepita nyingi. Lakini unajua, wale watu hawakuniambia hapana. Wangeniambia hapana ningekwenda nyumbani nikalala. Hapana nilijiambia mwenyewe, nikiwa nimevaa suti. Mpaka leo sijui wangesema nini."

Nilianza kulia, na nililia vibaya, kwa sauti, mtu mzima mwenye miaka yangu, mpaka mkamwana akachungulia mlangoni. Madam alinivumilia. Nilipotulia alinisogelea kwenye kochi, akanishika kifundo cha mkono kwa vile vidole vilivyopinda, akanibana kwa nguvu ambayo sikuitarajia.

"Jumatatu usiwasaidie," akasema. "Kama wanataka kukukataa, waifanye kazi hiyo wenyewe."